Kijiko cha Muhogo

Nuria na wenzako wa darasani, salamu nyingi.

Picha ya mashine yenu nimeiona. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu alipokuja likizo: kisanduku kisicho na mlango, ndani yake kidude kinakwenda huku na huku kikitema uzi wa plastiki, na baada ya muda kikombe kizima kimesimama pale. Nilimwambia airudie, akairudia mpaka akachoka yeye. Wallahi niliona wivu. Lau ningekuwa nayo nilipokuwa na umri wenu, mke wangu asingenigombeza kwa maganda ya muhogo kila pembe ya nyumba.

Mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukitengeneza sampuli huku Mahajanga, Madagaska, kabla ya mashine. Nitawaeleza, ila mnivumilie. Kiswahili changu ni cha bandarini na cha chuo cha Kurani, kikanyooshwa kidogo na miaka niliyokaa Tanga. Huku kwetu mchana kutwa ni Kimalagasi, Kifaransa kinakuja na makaratasi, na Kingazija kimebaki ndani ya nyumba. Kwa hiyo mkiona nimemnukuu mtu, jueni hakusema Kiswahili. Nimemtafsiri mimi, na kama nimemharibia maneno lawama ni zangu.

Basi. Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Tsaramandroso, nyuma ya muuza vyuma chakavu. Tulikuwa tunasubu alumini. Tunanunua sufuria mbovu na vipande vya injini, tunayeyusha, tunamimina kwenye kalibu ya mchanga, tunatoa kitu kipya. Mteja anakuja na kitu kilichovunjika, au na maneno tu na mikono anayoichezesha hewani, na sisi tunatakiwa tujue anataka nini. Hapo ndipo inapoingia sampuli. Ukikandamiza sampuli kwenye mchanga, ukaitoa, pale ilipokuwa unamimina alumini. Sampuli ikiwa na kosa, alumini nayo itakuwa na kosa hilo hilo, tena litang'aa.

Bwana wangu wa kazi alikuwa Fundi Saindu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, Mngazija mzaliwa wa Mahajanga. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Jamaa zetu wengi walikuwa wameshaondoka mjini kwa mambo ambayo leo sitayaeleza, na karakana nyingi zilibaki na fundi mmoja mmoja. Fundi Saindu alikataa kuondoka. Alisema hana nguvu za kuzoea tanuri la mtu mwingine.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchonga sampuli ya kwanza kwa muhogo. Wenzetu walitumia mbao tangu mwanzo, wakakaa nayo wiki wakiilainisha kwa msasa. Saindu alikwenda sokoni asubuhi, akachagua mihogo minene iliyonyooka, na kabla jua halijawaka alikuwa na vitu vitatu mezani, vyote vibaya. Nilimwuliza kwa nini asitumie mti kama watu. Akaniambia muhogo unaoza, na hiyo ndiyo faida yake. Kitu ulichokichonga wiki nzima utakitetea hata kama ni kibovu, lakini muhogo keshokutwa unanuka, huna budi kuutupa na kuchonga mwingine. Nyinyi mnaambiwa haraka haraka haina baraka. Sisi tuliambiwa ukosee haraka, asubuhi, wakati muhogo bado ni wa bei rahisi.

Una hila zake lakini. Kwanza, mbuzi. Nilipoteza mpini wa pampu kwa mbuzi wa jirani na hakuna aliyenionea huruma. Pili, muhogo unanywea. Niliwahi kuvuka kwenda Katsepy, ng'ambo ya ghuba, kupima kifuniko cha tangi la maji la bwana mmoja mwenye mashua ya injini. Nikachonga pale pale, kikakaa sawasawa, nikajisifu. Kurudi, feri ikaharibika, nikashinda juani na kifuniko changu mfukoni. Nilipofika Tsaramandroso sikupima tena, nikakisubu. Yule bwana alipokiweka kwenye tangi lake kilitumbukia ndani, chubwi, kama mtu aliyekwenda kuoga. Fundi Saindu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwa utulivu kwamba hata alumini yenyewe inanywea kidogo ikipoa, kwa hiyo sampuli huongezwa unene kila upande, na kwamba mimi nilikuwa nimenywewa mara mbili, na muhogo kisha na alumini.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Ninalotaka mlijue ni jambo la mkwe wangu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi.

Mama mzaa mke wangu, Bi Zainabu, alikuwa akikaa kisiwa cha Nosy Be, kijiji cha Ambatoloaka. Msifikirie Ambatoloaka ya leo yenye baa na hoteli. Wakati ule palikuwa na nyumba za makuti, kuku, na harufu ya langilangi ikitoka mashambani. Yeye alifanya kazi kwenye tangi la kukamulia mafuta ya maua hayo. Siku moja mvuke wa moto ulitoka ukamchoma mkono wa kulia, kuanzia vidole kupanda juu. Akapona, alhamdulillahi, lakini vidole vilijikunja vikashikana na kiganja, havikufunguka tena.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Daktari wa Nosy Be, mtu mwema aliyemhangaikia sana, alimwambia ajizoeze kula kwa huo. Mnajua jibu. Mwanamke aliyelelewa akiambiwa tangu utotoni kwamba kushoto si mkono wa chakula, utamwambiaje leo apeleke tonge kinywani kwa kushoto? Mwalimu wa msikitini naye alimtumia ujumbe kwamba mwenye udhuru hana dhambi. Bi Zainabu alimjibu mke wangu Mariamu maneno ambayo Mariamu alirudi nayo Mahajanga akilia. "Dini imenisamehe. Mimi sijajisamehe."

Na kulishwa hakutaka. Binti wa ndugu yake aliyekaa naye alijaribu kumlisha kwa kijiko kama mtoto. Alikula vijiko viwili vitatu kwa adabu, akasema ameshiba. Kila Mariamu alipokwenda kumwona alimkuta amepungua. Wanawake walipomwalika shughulini alisema anaumwa, kwa sababu shughulini watu hula pamoja. Mama yule alikuwa anajiua kwa njaa polepole, kwa heshima zote, na sahani iko mbele yake. Niliogopa, na mke wangu aliogopa zaidi.

Mimi fundi, nikasema kazi ndiyo hii. Nikachonga sampuli ya kijiko kwa mti mzuri, mpini mnene kidogo ili ukae ndani ya vidole vilivyokunjika. Nikakisubu. Nikakipiga tupa na msasa mpaka ukajiona uso wako. Kwenye mpini nikachora ua la langilangi. Nikampelekea kwa mkono wa Mariamu. Jibu likaja: Mwenyezi Mungu ambariki mkwe wangu, kijiko ni kizuri, hajapata kuona kijiko kama hicho. Nilifurahi kama mpumbavu.

Mariamu alipokwenda tena alimkuta mama yake shingo imekuwa nyembamba. Akafungua sanduku kutafuta shuka, akaona kijiko kimefungwa kwenye kitambaa cha hariri pamoja na udi. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alirudi nacho Mahajanga, nami nikakipeleka kwa Fundi Saindu, nikakiweka mezani. Alikigeuzageuza karibu na jicho. Sikutaraji asemayo.

"Umempelekea zawadi," alisema. "Zawadi nani atairudisha? Mpelekee takataka."

Vijana, hilo ndilo kosa letu sisi watu wa pwani, na nadhani huko kwenu pia lipo. Mtu akikuletea kitu alichokitolea jasho, utamwambia ni kibaya? Huwezi. Utamshukuru, utakisifu, utakiweka kabatini. Sasa ongezea kwamba aliyekileta ni mume wa mwanao! Adabu za mkwe mnazijua. Mimi na Bi Zainabu tulisalimiana kwa macho ya chini. Sikuwahi kumwona akila, wala yeye mimi. Akiwa ndani, mimi nipo uani. Nikiingia, yeye yupo nyuma ya pazia. Nilikuwa nimemtengenezea kitu cha kulia mtu ambaye ni haramu ya adabu kumtazama akila. Mashine yenu ingetoa kijiko kizuri zaidi kuliko changu, na kingekwenda sandukuni upesi zaidi.

Tukafunga safari, mimi na Mariamu, lori kisha boti. Nikafika Ambatoloaka na kisu, patasi na gunia la muhogo. Wanakijiji walidhani nimekuja kumlisha mkwe muhogo.

Nikakaa uani chini ya paa la jikoni. Nikachonga mihogo mitatu iwe vijiko vya ovyo: mmoja wa mpini mnene, mmoja mwembamba, mmoja umepinda. Mariamu akaviingiza ndani. Nyuma ya pazia nikasikia sahani, kisha sauti ya Mariamu ikinong'ona. Akatoka. Mama anasema vyote vizuri.

Vyote! Hata ule mwembamba, uliopasuka nikiuchonga, ulikuwa mzuri. Nikaona hapa nitachonga gunia zima na sitaambiwa neno. Nikamwita Mariamu pembeni nikamwomba mchuzi utiwe manjano nyingi, zaidi ya kawaida. Akaniuliza nimekuwa mpishi tangu lini. Lakini alitia. Muhogo ni mweupe, na manjano haijui heshima: popote mchuzi ulipogusa inabaki alama. Vijiko viliporudi nilivisoma. Ule mnene ulikuwa na manjano upande wa kushoto wa ukingo mpaka kwenye mpini, maana yake chakula kilikuwa kinamwagika upande huo. Mwembamba ulikuwa safi, haukushikika kabisa. Uliopinda ulikuwa na alama ya meno kwenye ncha tu. Nikachonga mwingine, mnene, nimeugeuza ukingo wake. Ukarudi na manjano kidogo, lakini wali sahanini ulikuwa vile vile, haujapungua.

Hapo nikakwama. Mpini ulikuwa unakaa mkononi, kijiko hakimwagi, na mtu bado hali. Kuna kitu sikukijua, na aliyekijua alikuwa hatua chache kutoka kwangu nyuma ya kitambaa, na mimi sina ulimi wa kumwuliza. Methali inayofaa ipo, mficha uchi hazai, lakini hebu itamke mbele ya mkwe wako tuone.

Nilichokifanya sikukipanga. Nilichukua leso ya Mariamu nikajifunga mkono wa kulia, vidole nimevikunja, nikaomba sahani ya wali, nikakaa pale uani nikajaribu kula na kijiko changu mwenyewe. Wali ulikwenda kila mahali isipokuwa kinywani. Kuku walikuja. Jogoo mmoja alipanda pajani. Mchuzi wa manjano ukanishukia kwenye shati la safari, lile jeupe, shati pekee nililokuwa nalo. Mariamu akashika kichwa, aibu imemjaa, watu wa njiani wanatazama. Mimi nikaendelea, maana nilikuwa natafuta kweli, na nilikuwa na hasira.

Nikasikia kicheko nyuma ya pazia. Cha kujizuia kwanza, kisha kikashindwa kujizuia. Mariamu alisimama kama aliyepigwa. Tangu ajali hakuwa amemsikia mama yake akicheka.

Pazia likavutwa. Bi Zainabu akatoka, amejitanda vizuri, mwembamba mno, nikainamisha macho. Alisimama mbele yangu kitambo. Nadhani alikuwa anaamua. Kuona mkwe wako amejiaibisha uani kwa ajili yako, na kuku wanamdonoa, pengine kunakupunguzia deni la adabu.

"Baba," alisema, "hicho kijiko kibaya."

Sijawahi kusifiwa maishani mwangu nikafurahi namna ile. Nilimwambia asante mama, kibaya kwa nini? Akasema wewe unauinua mkono wako. Akasogeza kitambaa, akaonyesha kiwiko. Ngozi ya kovu ilikuwa imevuta kama kamba kutoka mkono wa juu mpaka wa chini. Kiwiko hakikuwa kinakunjika zaidi ya nusu. Mariamu alijua mkono unamuuma mama yake. Hakujua kwamba haufiki kinywani, kwa sababu tangu aungue aliufunika hata mbele ya mwanawe. Angeshika kijiko cha dhahabu, kingeishia kifuani. Ndiyo maana alama za meno zilikuwa kwenye ncha tu: alikuwa akiinamisha kichwa kukifuata kijiko, kama kuku, alisema mwenyewe, na hakutaka kuonekana hivyo na yeyote, hata na mwanawe.

Shida haikuwa vidole. Miezi yote ile nilikuwa natengeneza mkono, na kilichotakiwa ni kuifupisha njia kati ya mkono na kinywa.

Basi tukafanya kazi, yeye na mimi, uani, Mariamu katikati yetu kwa ajili ya adabu. Nilichonga mpini mrefu unaopinda kuelekea kwake. Kibaya, kinagonga shavu. Nikachonga mwingine. Kibaya, kizito mbele, kinainama. Nikatoboa mpini kupunguza uzito, nikaweka utepe wa leso kupita juu ya vidole usiteleze. Akakigeuza, akasema afadhali, lakini ncha imekuwa pana, yeye si ng'ombe. Mariamu akanitazama kama hamjui mwanamke huyu. Neno lile kibaya alilisema kwa raha sasa, kama mtu aliyefunguliwa mdomo. Maganda yalijaa uani. Majirani walikuja kutazama wakaondoka, wakaja wengine.

Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imeshapita. Mariamu akaleta wali na mchuzi wa samaki wa nazi. Bi Zainabu akakaa mkekani, nikamfungia utepe mwenyewe, mimi ambaye sikuwahi kumgusa mkwe wangu. Kijiko kilikuwa kibaya kweli kwa sura: muhogo uliochongwa ovyo, umepinda kama mzizi, una tundu katikati. Akachota. Akauinua mkono wa kulia mpaka kiwiko kilipogoma, na ncha ikafika kwenye mdomo wake bila yeye kuinamisha kichwa. Akala. Akatafuna polepole. 

Nyinyi mtanipigia hesabu ya mambo niliyoyafanya baadaye: nilikisubu kijiko kile kwa alumini, sikukichora ua, nikatengeneza vingine kwa watu wengine wenye mikono ya kila namna, mpaka hospitali zikawa zinaniita. Nuria ameshayasikia, anaweza kuwaeleza hayo. Mimi nawaambia hivi: mashine yenu ikitoa sampuli ya kwanza, msiipige msasa. Ipelekeni ikiwa mbaya, tena pelekeni tatu, mkae kimya, na mkiona watu wanasifu, mjue hamjamaliza. Kama hawawezi kusema mbele yenu, tafuteni manjano yenu. Na manjano ikishindwa, kaeni chini mle wali na kuku.

Ila siku ile sikuwa nawaza kufundisha mtu. Nilikuwa nimekaa mkekani, shati langu limechafuka, namkodolea macho mkwe wangu akipeleka kijiko cha pili kinywani kwa mkono wa kulia. Akakishusha. Akajivuta kitambaa kichwani vizuri, akanitazama kwa jicho la mwenye nyumba.

"Sasa geuka, baba," alisema. "Nataka kula."

Nikageuka haraka nikautazama ukuta wa makuti, masikio yananiwaka. Nyuma yangu nikasikia muhogo ukikwangua sahani, ukatulia, ukakwangua tena, kwa muda mrefu. Kisha nikamsikia akimwambia Mariamu aongeze wali.